UX Si Kupaka Apu Rangi: Hii Ndio Wera ya Dizaina Kwa Timu ya Ajaili

Ukiingia TikTok saa hii, dakika tano haziishi kabla hujapatana na msee ako na laptopu, kikombe ya kahawa na mataa za zambarau nyuma yake, akikuambia ulipe thao kadhaa, usome wiki sita, alafu uingie mboka ya UX. Anafungua Figma, anavuta viboksi huku na kule, anageuza kitufe kutoka bluu kuwa kijani, darasa imeisha. Watu wanatoa doh, na si doh ya kuokota, ni doh ya kusaka. Alafu wanafika intaviu wanaulizwa swali moja rahisi: "Mainjinia wakianza sprinti Jumatatu, wewe unakuwa unafanya nini?" Hapo ndio netiweki hukatika.

So wacha tubonge kuhusu hiyo swali, juu hiyo ndio wera yenyewe.

UX ni jina fupi la yale yote mtu anapitia akitumia kitu. Cheki vile unalipa supa. Uko kwa foleni, nyuma yako kuna mathe amekutolea macho, mkono moja umeshika unga, simu iko na chaji asilimia tatu, na bado unafaa kuandika namba ya till, pesa, na pini. Hiyo hali yote, pamoja na mathe na unga, ndio UX. Dizaina ni yule mtu kwa timu analipwa kukumbuka mathe na unga. Jina lenyewe lilishika kupitia Don Norman, msomi wa saikolojia aliyeingia Apple mwaka wa 1993 na kujiwekea hayo maneno kwa cheo. Saikolojia, buda, si uchoraji.

Ajaili nayo ni njia ya kuchapa kazi. Kitambo kampuni ilikuwa inaandika waraka mnene ikieleza programu itakuwa aje, mainjinia wanajifungia mwaka moja ama miwili, wakitoka nje na kitu yao wanapata dunia ilishahama. Februari 2001, wasee 17 wa mambo ya programu walikutana Snowbird, kwa milima ya Utah huko Marekani, wakaandika tamko fupi: tujenge kidogo kidogo, tuonyeshe kastoma mapema, na tukubali kubadilisha mpango ikibidi. Kutoka hapo zikashika njia kadhaa, na ile imeenea zaidi ni skramu. Kazi inakatwa vipande vya muda mfupi vinaitwa sprinti, visizidi mwezi moja, na ofisi nyingi huchukua wiki mbili. Kila siku kuna kamkutano ka dakika 15. Mwisho wa sprinti mnaonyesha kitu inafanya kazi, si maslaidi.

Sasa shika hii. Ukifungua mwongozo rasmi wa skramu utapata mwenye prodakti, anayeamua nini ijengwe kwanza. Utapata skramu masta, anayehakikisha mchezo unafuata sheria. Na utapata madevelopa, yaani kila mtu anayejenga. Cheo cha dizaina hakijatajwa. Hako kapengo kameleta ngori kwa ofisi mob, juu bosi akisoma anaona dizaina ni mtu wa kuitwa akihitajika, kama fundi wa mfereji. Mainjinia wanakimbia, sprinti baada ya sprinti, kila Ijumaa kuna kitu mpya, na hakuna mtu ameuliza kama kuna binadamu alikuwa anaitaka. Donda anaeza kukufikisha Rongai kwa nusu saa, lakini kama ulikuwa unaenda Ruiru, hiyo mbio ilikuwa ya nini?

Mfano mnoma wa vile kuangalia mtumiaji hugeuza prodakti nzima uko kwa mfuko yako. M-Pesa haikuanza kama kitu ya kutumia mathe doh ushago. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na Faulu Kenya, na lengo ilikuwa mtu aweze kulipa mkopo wake wa Faulu kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosukuma huo mradi wakiwa Vodafone, waliandika baadaye vile watu wa majaribio walianza kujifanyia mambo yao. Kuna biashara zilikuwa zinaweka pesa ndani usiku kama sefu, juu benki zilikuwa zinafunga kabla ya maduka ya maejenti. Kuna wasee walikuwa wanaweka pesa mahali pamoja, wanasafiri mfuko ikiwa tupu, alafu wanaitoa upande ule mwingine masaa machache baadaye. Wengine walinunua kredo na M-Pesa wakawarushia watu wao mashambani. Na kuna mama bwanake alikuwa ameibiwa, akamtumia nauli ya kurudi home.

Hakuna injinia, hata awe mkali aje, angekaa kwa dawati yake akaota hiyo ya sefu. Ilibidi kitu iwekwe mikononi mwa watu, alafu mtu acheki wanafanya nini nayo. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, mkopo haukuwa tena mbele. Ujumbe ulikuwa moja: tuma pesa nyumbani. Ukitaka kujua kazi ya UX ni nini, ni hayo mabadiliko kutoka "lipa mkopo" hadi "tuma pesa nyumbani". Menyu ilikuwa ya maandishi matupu kwa laini ya simu, bila rangi hata moja.

Na bado wera haikuisha hapo. Unakumbuka, ama uliza brathe yako mkubwa, vile kutuma pesa kwa namba mbaya ilikuwa msiba. Kidole kimeteleza, 7 imekuwa 4, thao tatu zimeenda kwa mtu hujui, anazitoa mbio na kuzima simu. Watu waliitwa wazembe, lakini hakuna mtu alikuwa mzembe. Ulikuwa unaonyeshwa namba uhakikishe, na binadamu hahakikishi tarakimu kumi, anaangalia tu kama zinafanana. Binadamu anasoma jina. Ndio Safaricom ikaleta Hakikisha: unaonyeshwa jina la mwenye namba na unapewa sekunde chache za kusimamisha. Hiyo ndio dizaina, jina limewekwa pale ambapo mtu anaweza bado kujiokoa. Kabla ya hapo ilikuwa tu kuomba Mungu.

Sawa, turudi ofisini. Tuseme mnajenga apu ya chama. Timu iko na watu saba: mwenye prodakti, mainjinia wanne, mtu wa kutesti, na dizaina. Ni mfano wa kutunga, lakini mambo yaliyo ndani ukiuliza dizaina yeyote Nairobi atakuambia amepitia.

Sprinti moja kabla injinia aguse kibodi, dizaina ashakuwa Githurai na Kayole akikaa na wahazini wa vyama. Hawaulizi "ungependa apu iwe na nini?", juu hiyo swali hujibiwa na uongo mtamu, kila mtu anataka kila kitu. Anawaambia, "Nionyeshe vile mliandika michango ya mwezi uliopita." Anatolewa kaunta buku, kalamu nyekundu ya wale hawajalipa, na lundo la meseji za M-Pesa zimepigwa picha na kurushwa kwa grupu ya WhatsApp. Akikaa hapo lisaa limoja anagundua kitu. Mhazini hasumbuliwi na hesabu, hesabu anaiweza kuliko yeye. Kitu inamnyima usingizi ni wanachama kudhani anakula pesa yao.

Hiyo inapindua orodha ya kazi yote. Zile grafu za rangi nne mwenye prodakti alikuwa ameahidi mwekezaji zinashuka chini. Ile risiti inaonekana na kila mwanachama saa ile ile pesa inaingia inapanda juu. Uamuzi bado ni wa mwenye prodakti, usikuje kudhani dizaina ndiye bosi. Yeye amemletea tu kitu ya kuamulia, kitu ameona kwa macho.

Jumatatu ya kupanga sprinti inafika. Dizaina anakuja na michoro ya kalamu, makusudi haijapambwa, ndio watu wasianze kubishana kuhusu rangi. Injinia anayeshika seva anasema, "Hiyo ya kuweka risiti moja kwa moja ndani ya grupu itatusumbua, lakini naweza kutumia kila mwanachama SMS." Dizaina anafikiria, anakumbuka kuna wanachama watatu aliwapata wakitumia kabambe. SMS ni bora hata kuliko wazo lake. Hayo mazungumzo yamechukua dakika kumi. Kama dizaina angekuwa ofisi ingine, akipeleka michoro ikiwa imeshakamilika, hizo dakika kumi zingekuwa wiki tatu na barua pepe za hasira.

Katikati ya wiki anatengeneza prototaipu, yaani skrini za kubonyeza ambazo nyuma yake hakuna kitu, ni maigizo. Anazipeleka kwa watu watano. Mbona watano? Mwaka wa 2000 Jakob Nielsen, mkongwe wa hizi mambo, aliandika kwamba kwa hesabu yake watu watano hufichua karibu asilimia 85 ya matatizo ya kutumia kitu, na wakizidi hapo unaanza kusikia yale yale. Wasomi wamebishana sana kuhusu hiyo hesabu. Lakini kwa timu iko na wiki mbili na bajeti ya nauli, watano ni baraka.

Wa kwanza anakwama pale pameandikwa "Wasilisha". Anaangalia, anakuangalia, anauliza kama ataitwa mkutano. Wa pili anakwama hapo hapo. Neno linabadilishwa kuwa "Tuma" na hakuna mstari hata moja wa programu umeandikwa, so imegharimu sufuri. Wa tatu skrini yake imepasuka kona ya chini kulia, na ndipo kitufe kimewekwa. Wa nne anafika mahali pa kuandika pesa, inamtokea kibodi ya herufi badala ya namba. Wa tano ni mathe ambaye hashiki simu kabisa, anampa kijana wake, na kijana anasoma kila kitu kwa sauti pamoja na salio. Hii ya mwisho ndio nzito. Sasa timu lazima ijiulize kama salio inafaa kujitokeza bila kuitishwa. Hakuna mtu alikuwa ameiweka kwa orodha.

Injinia akiwa hapo akiona mathe akihangaika, maneno huisha. Ukimpelekea ripoti atakuambia "mtumiaji hajui kutumia", lakini akikaa nyuma ya huyo mathe dakika kumi anarudi akirekebisha bila kuombwa. Ndio maana Uingereza, timu za serikali zilizojenga GOV.UK, tovuti iliyochukua nafasi ya Directgov mwaka wa 2012, huhimiza timu nzima ihudhurie hayo majaribio, si dizaina na mtafiti peke yao. Na hiyo tovuti ilipewa tuzo ya Dizaina ya Mwaka 2013 na makumbusho ya dizaina ya London, ikiwa ni maandishi meusi kwa karatasi nyeupe, karibu. Haina luku hata kidogo. Inakuambia tu kile ulikuja kutafuta.

Mainjinia wakishaanza kujenga, wengi hudhani dizaina ameenda likizo. Huyo yuko hapo kando yao, juu michoro haisemangi kila kitu. Netiweki ikilala katikati, skrini inasema nini? Chama kikiwa kipya na hakina mchango hata moja, mtu anaona nini, ukurasa mtupu? Msee akibonyeza "Tuma" mara mbili juu amechoka kungoja, pesa itaenda mara mbili? Hilo la mwisho ni la injinia na dizaina pamoja: mmoja anazuia kwa seva, mwingine anahakikisha mtu ameona kwamba ya kwanza imeshika. Sprinti ikiisha anakaa na ile apu yenyewe, si michoro, anaitumia kwa simu ya bei ya chini yenye nafasi imejaa. Hapo ndio ukweli hutoka.

Sasa mtu makini ameshauliza: kama kutafiti, kuchora, kutesti na kukaa na mainjinia zote ziko ndani ya wiki mbili, huyu dizaina analala saa ngapi? Swali poa. Waliopata jibu linalotumika hadi leo walikuwa Toronto, Canada, kwa kampuni iliitwa Alias, ambayo baadaye ilinunuliwa na Autodesk. Lynn Miller na Desirée Sy waliandika kati ya 2005 na 2007 vile madizaina wao walikuwa wanakimbia hatua moja mbele. Mainjinia wakijenga ya sprinti hii, dizaina anachora ya sprinti ijayo, anakusanya habari za ile ingine baadaye, na anatesti kile kilijengwa sprinti iliyopita. Na kwa ile sprinti ya kwanza kabisa, mainjinia wanapewa kazi nzito ya chini chini ambayo haina skrini nyingi, ndio dizaina apate kutangulia.

Kwa karatasi ni tamu. Kwa maisha, ukitangulia sana unakuwa mtu wa kurusha michoro juu ya ukuta na kuishia, na hapo mmerudi kwa ule waraka mnene tu, umekatwa vipande. Mimi naona sprinti moja mbele inatosha, na siku mbili za kila wiki ziwe za kukaa na mainjinia.

Kile huua hii kazi Nairobi, hata hivyo, ni ugavi. Kampuni inaajiri dizaina moja na kumgawa kwa timu tatu. Kila timu iko na mkutano wake wa asubuhi, kupanga kwake, kuonyesha kwake. Huyo msee anashinda mitingini, michoro anafanya usiku, na watumiaji haonani nao kabisa. Alafu kuna ile kauli maarufu ya "tuachilie hivyo, tutarekebisha baadaye." Ajaili inaruhusu kutoa kitu kidogo kwanza, ni kweli. Lakini baadaye huwa haifiki, juu sprinti ijayo iko na ahadi zake. Madizaina wajanja hawalalamiki tu, wanaandika hayo madeni kwa orodha ile ile ya kazi kama kitu kingine chochote, na kuambatisha idadi: watu watatu kati ya watano walishindwa hapa. Mwenye prodakti akisoma hiyo hawezi sema ni mambo ya ladha.

Na kuna pahali pachafu kidogo, lazima tuguse. Wewe ushawahi kuchukua mkopo wa apu, usidanganye. Mimi niliwahi chukua kwa moja ambayo sitaitaja: "KUBALI" ilikuwa kubwa kama tofali, riba ilikuwa kwa maandishi ya kijivu unahitaji darubini, na kabla upate hata soo tano ilikuwa imeitisha ruhusa ya kusoma namba zote kwa simu. Mtu alichora hiyo, hiyo kijivu haikujitokea. Harry Brignull, dizaina wa Uingereza, alianza mwaka wa 2010 kuzipa hizi mbinu majina na kuzianika hadharani. Hapa kwetu, wakopeshaji walikuwa wakipigia mabosi na mama mkwe za watu simu kudai deni, hadi Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka wa 2022, juu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Ndani ya timu ya ajaili, hii mambo hukuja kama kadi ndogo kwa ubao: "ongeza idadi ya wanaokubali." Haina sura ya ubaya. Injinia anaona ni kitufe tu, mwenye prodakti anaona grafu inapanda. Mtu mwenye ameketi na yule mkopaji, akajua anadhani analipa mia mbili na kumbe ni zaidi, ni dizaina peke yake. Asipoinua mkono Jumatatu hiyo, hakuna mwingine atainua. Na ndio, kuna wenye wameinua wakaambiwa wachore vile wameambiwa. Sitakudanganya kwamba kila bosi husikiza.

So kama unataka kuingia hii game, hiyo kozi ya wiki sita si lazima uitupe, Figma inasaidia na unaweza kuijua bila kulipa, iko na kiwango cha bure na YouTube imejaa masomo. Mimi niliacha chuo, so sina nguvu ya kukuambia uende kutafuta digrii. Lakini wanaoajiri wamechoka kuona kazi zile zile: kila mtu amechora upya Netflix, kila mtu amechora upya Uber, na hakuna moja iko na mtumiaji wa ukweli ndani.

Fanya hivi badala yake. Chukua kitu moja watu wa mtaa wako hutumia kila siku, iwe fomu ya bursari, apu ya kulipia stima, ama menyu ya kibanda. Tafuta watu watano, si mabeshte wako wa chuo. Mwambie kila mmoja akuonyeshe vile huifanya, wewe uandike pale anasimama, pale anarudi nyuma, pale anauliza jirani. Chora dawa ya tatizo moja pekee, rudi kwa wale wale, andika kilichobadilika na kile kilikataa kubadilika. Hiyo ndio unaweka mbele ya intaviu, na lile swali la Jumatatu utakuwa na kitu ya kulijibu. Alafu ukiwa pale na huyo mathe, simu iko mkononi mwake na amekwama, ngoja. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo, na usimwonyeshe pa kubonyeza.